Ubao Namba Kumi na Nne

Lori liliingia Sakata saa mbili asubuhi, theluji ikipiga kutoka ubavuni kana kwamba huko baharini kuna mtu anaitupa kwa koleo. Yayoi hakuwa amewahi kufika mji huu. Kwa miaka kumi na saba aliendesha basi la mjini Kawagoe, njia moja tu, vituo thelathini na viwili kwenda na thelathini na viwili kurudi, hata akawa anajua ni bibi yupi atashuka wapi kwa namna anavyokohoa. Sasa alikuwa na wiki tatu nyuma ya usukani wa lori linalobeba ulingo wa mieleka, na tayari alikuwa amelala katika miji kumi na mmoja ambayo hapo awali aliisikia tu kwenye utabiri wa hali ya hewa.

Kando yake Mzee Hirabuki Eisaku, ambaye lori lile lilikuwa lake tangu ligi ya kwanza, alikuwa amekumbatia chupa ya chai, akimwelekeza kwa kidevu. Kushoto hapo. Nyoosha. Ilimshangaza Yayoi kwamba mzee aliujua mji huu kona kwa kona, maana njiani alimwambia kuwa kila msafara ulipopita Sakata yeye hakushuka kwenye lori. Wenzake walikwenda kula, yeye alibaki kulinda vyombo.

"Kulinda dhidi ya nani?" Yayoi alimuuliza. "Nani ataiba ulingo wa tani mbili?"

"Watu wa huku wana nguvu," alijibu mzee, akafumba macho.

Mbele kidogo taa ikawa nyekundu. Upande wa kulia palikuwa na mkahawa mdogo wa tambi, pazia la buluu mlangoni, mvuke ukitoka dirishani. Mzee Hirabuki aliteleza taratibu kwenye kiti chake mpaka ikabaki kofia.

"Mzee, unaumwa?"

"Magoti."

"Magoti ndiyo yanakufanya ujifiche?"

"Taa ni ya kijani, dereva. Endesha."

Yayoi akaendesha.

Ligi ya Jozi ya kampuni ya Raiun ni ya mwisho wa mwaka, na wanaoifuata huhesabu miaka yao kwayo. Novemba ikielekea ukingoni majina ya jozi hutangazwa, na mpaka katikati ya Desemba kila jozi inakutana na kila nyingine, leo kwenye ukumbi wa michezo wa mji huu, kesho wa mji ule. Ushindi pointi mbili, sare moja, kushindwa sifuri, na jozi mbili za juu hupambana fainali Tokyo. Mwanamieleka anaweza kutamba peke yake miezi kumi na moja. Ikifika Desemba lazima atafute mwenzake, na hapo ndipo watu hujua nani anapendwa na nani anaogopwa tu.

Hirabuki hakuingia humo kwa mapenzi ya mieleka. Alizaliwa Murakami, kule ambako majira ya baridi samoni huning'inizwa kwenye vipaa vya nyumba kama nguo zilizoanikwa, na kazi yake ilikuwa kuendesha lori la samaki. Desemba ya ligi ya kwanza alipeleka mzigo kwenye hoteli moja ya Niigata, akakuta wanaume wakubwa wamesimama sebuleni wakikuna vichwa. Dereva wa ulingo alikuwa amevunjika mkono. Wakamwomba awasogezee lori mpaka Nagaoka tu. Walipofika Nagaoka wakamwomba mpaka Takasaki. Mkewe, Kiyoe, aliyekuwa akimngojea kwa chakula tangu jana yake, alipiga simu hotelini akamuuliza kama wanamieleka wamemteka. Alijibu kwamba bado hana hakika.

"Hakuna aliyeniambia nirudi," alikuwa akisema kila alipoulizwa, na hii ilikuwa ligi ya arobaini.

Katika zote hizo hakutazama hata fainali moja. Alikaa chini, karibu na ngazi ya ulingo, mgongo ukiwa umeegemea pazia linalofunika miguu ya chuma, na alisikiliza. Mtu akibwagwa juu ya turubai, mbao zilizo chini hutoa sauti, na Hirabuki alizijua sauti hizo kama mama anavyojua vilio vya wanawe. Aliweza kukwambia nani kaanguka, kwa bega lipi, na kama kweli ameumia. Ubao ukianza kulia vibaya, kesho yake aliubadilisha kabla mtu hajavunjika shingo.

Usiku wa fainali ya kwanza kabisa, wakati wa kufungua ulingo, alichukua brashi na wino akaandika majina ya mabingwa upande wa chini wa ubao mmoja, kama fundi anavyoandika tarehe chini ya meza aliyoimaliza. Mwaka wa pili akafanya hivyo tena, na baada ya hapo haikuwezekana kuacha. Mbao zilikuwa ishirini na nne. Zingine zilibeba miaka miwili. Mwaka ambao jozi zote mbili za fainali zilishindwa kwa kuhesabiwa zikiwa nje ya ulingo, aliandika "Hakuna" na tarehe. Mwaka ambao Wakanada wawili walishinda, kwa kuwa herufi za kigeni zilimpiga chenga, alinakili bango zima, na mpaka leo ubao namba saba unasema kombe lilichukuliwa na watu wawili pamoja na kiwanda kilichochapa bango.

Wanamieleka hawakuyaona maandishi hayo. Wao walikuwa juu, na historia yao ilikuwa chini, imeelekea sakafu.

Mwaka huu rais wa kampuni, Bi Kagitani Sumire, binti wa mwanzilishi, alisikia habari za mbao hizo na akapendezwa mno. Ulingo mpya ungeanza kutumika kwenye fainali ya mwaka huu. Mbao za zamani, aliamua, zitasimamishwa kwenye ukumbi wa kuingilia siku ya fainali, mgongo mbele, ili watazamaji wasome ligi thelathini na tisa zilizopita kwa mkono wa mtu aliyeujenga ulingo wake. Alimtumia Yayoi ujumbe: apige picha kila ubao, na picha zote zimfikie kabla ya jioni ya Sakata.

Ndiyo maana asubuhi ile, wanagenzi wa mieleka walipokuwa wakifunga nguzo na kuvuta kamba, Yayoi alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu baridi ya ukumbi, akigeuza ubao mmoja baada ya mwingine na kupiga picha kwa simu. Alipofika namba kumi na nne akasimama. Alisoma: Ligi ya Kumi, mabingwa Otsubo Yasutaro na Mizorogi Kan. Akageuza namba kumi na tano. Ligi ya Kumi, mabingwa Tatewaki Goichi na Enjoji Mamoru.

"Mzee," aliita, "ligi ya kumi ilikuwa na mabingwa wangapi?"

Hirabuki alikuwa akigonga ubao kwa kisigino cha kiganja, sikio karibu. Hakugeuka.

"Iweke mfukoni hiyo simu," alisema. "Njoo kwenye lori."

Ndani ya lori, vioo vikiwa vimejaa ukungu, alimsimulia. Siku ya fainali ile utabiri ulisema theluji kubwa, na lori lilitakiwa kuondoka Tokyo mara tu watu wakitoka. Wino ulikuwa unachukua saa nyingi kukauka kwenye baridi. Mwaka uliotangulia wino mbichi ulikuwa umechafua turubai nzima. Kwa hiyo mwaka ule Hirabuki aliandika mapema, saa sita mchana, kabla milango haijafunguliwa. Katika mieleka hii ofisi ndiyo hupanga mshindi kabla ya pambano, lakini jinsi dereva alivyojua nani angeshinda, hakumwambia Yayoi, na Yayoi hakuuliza. Hata msafirishaji wa mbao hufikiwa na mambo mengine bila mtu kuyasema.

Akaupanga ubao mahali pake, maandishi chini, akaenda kula. Huku nyuma Tatewaki, jitu la kilo mia na thelathini lenye roho ya mtoto aliyenyimwa peremende, alijipenyeza chini ya ulingo kuficha kiti cha chuma ambacho angekuja kukitumia jioni. Alilala chali ili asogee. Tone la wino likamdondokea kwenye paji la uso. Akafungua macho, akasoma: kushindwa alikopangiwa kumeshaandikwa, tena na dereva.

"Jioni ile alipanda ulingoni na doa jeusi hapa," alisema Hirabuki, akijigusa katikati ya nyusi. "Watu walidhani ni mapambo. Mimi nilikuwa nimekaa chini, nikasikia. Dakika ya ishirini na tatu Otsubo alianguka, na mbao hazikulia kama zinavyolia siku nyingine. Tatewaki alikuwa amemkandamiza kweli, kinyume cha mpango. Mwamuzi akahesabu moja, mbili, na akasita, na watu elfu kumi wakamhesabia ya tatu wao."

Magazeti yaliandika kwamba haikuwahi kutokea fainali kali kama ile. Hirabuki aliandika majina mengine kwenye namba kumi na tano. Tatewaki alimfokea yeye peke yake, na kwa mtu mwingine hakumtaja. Aibu ya kuonekana amesoma maandishi ya dereva ilimzidi hasira. Na Otsubo na Mizorogi, waliocheza ligi kumi na moja na kumaliza wa pili mara tatu, hawakulichukua kombe lile maisha yao yote.

"Na huyo Otsubo..." Yayoi alianza.

"Pazia la buluu," alisema mzee.

Mizorogi alikuwa amefariki miaka sita iliyopita. Otsubo alibaki, akipika tambi katika mji aliozaliwa, na kila msafara tangu hapo Hirabuki alikuwa akienda kumwambia na kuishia kulinda lori. Mwaka huu ofisi ilikubali astaafu katika kituo atakachochagua mwenyewe. Akachagua Sakata. Treni ya kumrudisha Murakami ilikuwa ya saa tisa alasiri.

"Kuna msasa kwenye sanduku la vifaa," alisema Yayoi. "Dakika tano tu, yanafutika."

"Nimeushika msasa huo mara mbili." Hirabuki alifuta ukungu kwenye kioo, ingawa nje hapakuwa na cha kuona. "Ni hapo tu palipoandikwa kwamba walishinda. Nikifuta, nitakuwa nimewapiga mara ya pili. Nisipofuta, atasikia kwa mtu aliyekwenda kushangaa ukutani Tokyo. Nimwambie mimi, leo, kabla ya saa tisa. Kama nitashuka kwenye hili lori."

Yayoi alifungua mlango wa upande wake, akazunguka, akafungua na wa upande wa mzee, akasimama pale kwenye theluji kama alivyokuwa akiwasubiri vikongwe wa Kawagoe.

"Mwisho wa njia, Mzee," alisema. "Abiria wote tunashuka."

Walikwenda kwa miguu, ubao namba kumi na nne ukiwa umelala juu ya mabega yao mawili, Yayoi mbele, mzee nyuma. Ulikuwa mrefu kumzidi mtu na upana wa sentimita thelathini, na upepo ulitaka kuugeuza tanga. Njia nzima Hirabuki alikuwa akisema hatua zao hazilingani. Yayoi alimwambia kuwa kama angetaka mtu wa hatua zinazolingana angeoa mwanajeshi.

Mkahawani palikuwa na wateja wawili, wavulana wa baharini wenye mabuti ya mpira, wakivuta tambi kwa kelele. Nyuma ya meza ndefu alisimama mwanamume mpana wa miaka sitini na kitu, masikio yamevimba na kujikunja kama uyoga uliokauka, kitambaa cheupe kichwani. Ukutani juu ya friji kulikuwa na picha ya mtu mwingine mpana akicheka, na mbele yake kikombe kidogo cha pombe ya mchele.

Otsubo alimtazama Hirabuki, akatazama ubao, akamtazama tena.

"Mtu wa lori," alisema. "Nilidhani umekufa."

"Bado."

"Miaka na miaka unapita hapo barabarani, unajikunja kitini kama mdaiwa. Unadhani kofia ile siijui? Kaeni. Huyo dada ni nani?"

Hirabuki alieleza kwamba ni dereva mpya. Otsubo alimpa Yayoi pole, akasema mtangulizi wake alikuwa akikanyaga breki kana kwamba ana ugomvi nayo. Akawawekea mabakuli mawili bila kuulizwa: mchuzi wa samaki wakavu, tambi, na vile vifuko vya unga vyenye nyama ndani, vyembamba hata huonekana kama vinaelea kwa hisani. Hirabuki alishika vijiti akaviweka chini.

"Kula kwanza," alisema Otsubo. "Uso huo hauwezi kusema kitu kikaeleweka."

Wakala. Wavulana wa mabuti wakaondoka. Otsubo alitoka nje akaliondoa pazia la buluu, akalitundika ndani, ishara kwamba amefunga, ingawa ilikuwa bado saa saba. Hirabuki alisimama. Aliugeuza ubao, akauegemeza kwenye meza, na akazungumza akiwa ameinamisha kichwa, haraka, kama mtu anayesoma orodha ya mizigo: wino, utabiri wa theluji, saa sita mchana, Tatewaki chali chini ya ulingo, tone. Alimaliza kwa kusema kwamba brashi yake ndiyo iliyowanyang'anya kombe, na hakuwa na neno la kujitetea.

Otsubo aliyasoma majina. Alipitisha kidole juu ya jina la Mizorogi, taratibu, kama anayetafuta mfupa kwenye samaki. Birika lilichemka jikoni na hakuna aliyelizima.

"Mwezi ule," alisema mwishowe, "nilikuwa nimewaomba ofisi ruhusa. Baba alikuwa mgonjwa. Nilipohesabiwa tatu nikajua wameniadhibu. Miaka yote hii nimejua hivyo." Aliketi kwenye kigoda. "Huyu naye," akaelekeza kidevu kwenye picha, "alijua mimi nilikubaliana nao nikamficha. Ligi mbili tumeingia ulingoni pamoja bila kusemezana. Unafahamu kazi ilivyo kumpa mkono mwenzako akupokee zamu, na hutaki kumwona?"

"Niliwasikia," alisema Hirabuki. "Mlikuwa mnatembea mbalimbali."

"Ulisikia, ukakaa kimya."

"Nilikaa kimya."

"Tulipatana baadaye. Alikunywa, nikanywa, mmoja akalia, sisemi nani. Lakini hakuwahi kuniamini mia kwa mia. Tisini na tano hivi." Otsubo aliinuka, akachukua kile kikombe mbele ya picha, akamwaga pombe ya zamani kwenye sinki, akajaza mpya. Akamsogezea Hirabuki. "Mimi nimesikia. Sasa mwambie na yeye. Na usikimbizekimbize maneno kama ulivyonifanyia mimi. Huyu alikuwa mzito kuelewa."

Yayoi alitaka kutoka nje, lakini njia ilikuwa imezibwa na ubao. Hirabuki alivua kofia. Alikiweka kikombe mahali pake kwa mikono miwili, akainama mpaka magoti yakalia, akaanza upya, neno moja moja. Alipofika kwenye tone la wino alisita.

"Mwambie la doa," Otsubo alisaidia kutoka nyuma. "Atalipenda hilo."

Akamwambia la doa. Akamwambia kwamba Otsubo hakujua lolote. Sentensi hiyo aliirudia bila kuambiwa. Otsubo alikuwa amegeukia jiko, akilizima lile birika lililokuwa likichemka muda wote, akichukua muda mrefu kuliko inavyohitajika kuzima gesi.

Alipogeuka alikuwa ameshika rula.

"Mita mbili na kidogo," alisema, akiupima ubao. "Wateja wangu husimama nje kwenye theluji saa sita kila siku, wananung'unika. Nilikuwa natafuta benchi."

"Utauweka maandishi juu?" Yayoi aliuliza.

"Wakalie jina langu kwa makalio? Chini, dada. Yalikuwa chini siku zote. Siku nikitaka kuyasoma nitalala chali mtaani, kama Tatewaki." Akamtazama Hirabuki. "Na wewe hujamaliza bakuli lako. Mchuzi umebaki."

"Umepoa."

"Ndiyo adhabu yako. Kunywa."

Akaunywa wote.

Kituo cha treni hakikuwa mbali. Saa tisa kasoro dakika chache walisimama kwenye jukwaa, Hirabuki na begi moja lenye zipu iliyoharibika. Alikuwa mwepesi njiani, hata alimtangulia Yayoi, ingawa alilalamika hatua hazilingani vilevile. Huko ukumbini ulingo ulikuwa na pengo la ubao mmoja, na kwenye lori ulikuwepo wa akiba, mweupe, usio na neno. Mzee alimfundisha mara ya mwisho: augonge katikati na pembeni, na kama sauti za pembe mbili hazifanani, aweke kipande cha kadibodi chini.

Simu ya Yayoi ikalia. Bi Kagitani alikuwa ameandika: picha nzuri sana, lakini namba kumi na nne haionekani. Yayoi aliandika jibu akiwa amevua glavu, akamwonyesha mzee kabla ya kulituma. Lilisema: Uliharibika Sakata. Nimeweka wa akiba. Ligi ya kumi ipo kwenye namba kumi na tano.

Hirabuki alilisoma mara mbili.

"Huwa zinaharibika," alikubali.

Treni iliingia ikiwa na theluji puani. Alitoa mfukoni brashi iliyofungwa kwenye kitambaa, akampa bila sherehe yoyote, kama anayerudisha kitu alichoazima.

"Uandike baada ya kengele ya mwisho," alisema. "Hata ukiambiwa na nani."

"Na wino ukikataa kukauka?"

"Unaupulizia. Una mapafu."

Yayoi aliinama kumuaga, na aliponyanyua kichwa mzee alikuwa tayari ndani, akitafuta kiti cha upande wa bahari, akimsumbua bibi mmoja ahamishe mifuko yake. Alipoketi alikigonga kioo cha dirisha kwa kisigino cha kiganja, mara moja katikati, mara moja pembeni, sikio karibu. Akatikisa kichwa kwamba kiko sawa. Kisha treni ikamwondoa, na Yayoi akabaki jukwaani na brashi mkononi, zikiwa zimebaki saa tatu milango ya ukumbi ifunguliwe, na ubao mmoja wa kuweka.